Anomali: pembe iliyopewa jina la lawama

Jumapili iliyopita, muda mfupi baada ya magharibi, mpwa wangu anayesomea uhandisi hapa Nairobi aliniandikia ujumbe uliosema hivi: "Mjomba, habari za jioni. Setilaiti tuliyopewa tuifuatilie ina hitilafu ya wastani ya digrii 214. Je, imeharibika kabisa, au bado inaweza kutengenezwa?" Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu tangu saa tisa, nasi tulikuwa tumekwisha kuambiwa kwamba kuna hitilafu inayoshughulikiwa, kwa hiyo neno lile halikuingia vizuri masikioni mwangu. Nilimjibu kwamba setilaiti ni nzima, na kwamba digrii 214 si nyingi wala si chache, kwa kuwa baada ya nusu saa zingekuwa zimepita 300 bila mtu yeyote kuigusa.

Kijana hakuwa na kosa kubwa. Alikuwa ameombwa kuwaeleza wanafunzi wa shule ya upili, kwa Kiswahili, jinsi mahali pa setilaiti panavyoandikwa, naye akachukua ile mistari miwili ya tarakimu inayotumiwa ulimwenguni kote kuelezea mizingo, akafungua kamusi, na kila penye neno anomali akaweka hitilafu. Kamusi haikumdanganya, kwa maana katika habari za kila siku anomali ni jambo lililokwenda kinyume na utaratibu. Katika umakanika wa anga, hata hivyo, neno hilo limehifadhi maana finyu isiyo na lawama ndani yake: ni pembe inayoonyesha sayari, nyota au chombo kimefika wapi katika mzingo wake, ikihesabiwa kuanzia pale mzingo unapokaribia zaidi kile kinachozungukwa. Linalotatiza ni kwamba pembe hizo ziko tatu, zote zinaitwa anomali, na moja kati yazo si pembe ya kitu chochote kinachoweza kuonekana.

Fundi seremala akitaka kukata meza yenye umbo la duaradufu hupigilia misumari miwili kwenye ubao, hufunga uzi uliolegea kutoka msumari mmoja hadi mwingine, kisha huunyoosha uzi kwa ncha ya penseli na kuizungusha mpaka mstari ukutane. Misumari hiyo ndiyo fokasi za duaradufu. Mzingo wa sayari una umbo hilo hilo: Jua limekaa kwenye msumari mmoja, na kwenye wa pili hakuna kitu. Ncha ya mzingo iliyo karibu zaidi na Jua huitwa periheli na ile ya mbali afeli. Kwa chombo kinachoizunguka Dunia tunasema perijii na apojii. Sasa jifikirie umesimama kwenye msumari wa Jua, umenyoosha mkono mmoja kuelekea periheli na mwingine kuelekea sayari: pembe iliyo kati ya mikono yako ndiyo anomali ya kweli. Hii ndiyo inayosema sayari iko upande gani hasa, na ndiyo anayoihitaji mtu anayetaka kuelekeza darubini au antena.

Ya pili nitaiita anomali ya kitovu, kwa sababu pembe yake iko katikati ya duaradufu na si kwenye Jua. Ili kuipata, chora duara kubwa linaloizunguka duaradufu na kuigusa kwenye ncha zake mbili za mbali, halafu uipandishe sayari wima kutoka kwenye mhimili mrefu mpaka ifike kwenye duara hilo. Pembe inayoonekana kutoka kitovuni kati ya periheli na nukta hiyo mpya ndiyo tunayoitafuta. Ni pembe ya kusaidia hesabu tu, kama jukwaa la mafundi wanaojenga ghorofa: jengo likiisha, huondolewa.

Ya tatu ni anomali ya wastani, ile iliyomtia mpwa wangu wasiwasi. Chukua muda uliopita tangu sayari ilipokuwa periheli, gawanya kwa muda wa mzunguko mzima, zidisha kwa 360. Basi. Haina haja ya kujua umbo la mzingo, wala haielekezi upande wowote wa anga. Ni wakati uliovikwa vazi la pembe.

Anayepanda matatu ya Thika Road anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Kondakta akikuambia kwamba kutoka Githurai hadi mjini ni dakika 40, amekupa matatu ya kufikirika inayokwenda kwa mwendo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Matatu uliyoipanda hukimbia hadi Roysambu, ikaiacha nyuma ile ya kufikirika, kisha hukwama huko mbele, na ile nyingine ikaifikia taratibu. Zote mbili huondoka pamoja na, siku njema, hufika pamoja. Katikati ndipo zinapoachana. Anomali ya wastani ni mahali pa matatu ya kufikirika. Anomali ya kweli ni mahali unapokaa wewe, ukitazama dirishani.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, na kiini chake ni "kisicho sawasawa", kama barabara yenye matuta. Wanafalaki wa kale waliamini kwamba mwendo unaofaa mbinguni ni wa duara na wa kasi isiyobadilika, kwa hiyo walipoliona Jua likikawia upande mmoja wa mwaka na kuharakisha upande mwingine, waliuita ukosefu huo wa usawa anomalia. Hipparchus aliushughulikia katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na Ptolemy wa Alexandria akaujengea majedwali karibu miaka 300 baadaye. Msomaji anaweza kuuthibitisha kwa kalenda ya ukutani: kutoka ikwinoksi (siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana) ya tarehe 20 Machi hadi ile ya tarehe 22 Septemba ni siku 186, ilhali kutoka hapo kurudi Machi ni siku 179. Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Ikiwa karibu hukimbia, ikiwa mbali hujivuta.

Hapa ndipo ninapoona raha ya kuisoma elimu hii kwa Kiswahili. Vitabu vya Ptolemy vilipita mikononi mwa wanafalaki walioandika kwa Kiarabu, na msamiati wao umelala ndani ya maneno yetu ya kila siku bila sisi kuuona. Pembe hiyo ya sayari waliiita khassa, yaani mwendo ulio wake peke yake, na sisi tunalo neno hasa. Kilicho cha kati na kati walikiita wasat, nasi tunasema wastani. Kiasi cha kuongeza au kupunguza ili kutoka kwenye mwendo wa wastani hadi ule wa kweli walikiita taadil, kusawazisha, neno la ukoo mmoja na adili na uadilifu. Na kuhama kwa mahali pa Mwezi angani kwa sababu ya mahali alipo mtazamaji waliita ikhtilaf al-manzar, maneno mawili ambayo Mswahili anayasikia waziwazi: hitilafu ya mandhari. Hitilafu ya aina hiyo haimaanishi ubovu. Inamaanisha tofauti, kama tunavyosema bado kwamba ndugu wawili wamehitilafiana. Nilimwomba mpwa wangu radhi kidogo baada ya kufikiri hivi, kwani chaguo lake lilikuwa na nasaba nzuri kuliko nilivyodhani. Ni umeme wa mtaani ulioniharibia neno.

Hata hivyo neno hilo linashindwa katika "hitilafu ya wastani", na linashindwa hata kwa lugha za Ulaya. Anomali ya wastani ndiyo pekee kati ya zile tatu inayoongezeka kwa kasi isiyobadilika kamwe. Jina linasema ukosefu wa usawa, nayo ndiyo usawa wenyewe. Wanahisabati walilirithi neno hilo, wakaliambatisha kwenye kila pembe iliyohusika na jambo hilo, ikiwemo ile iliyobuniwa mahsusi ili isiwe na kasoro hiyo, na baada ya karne kadhaa hakuna aliyejisumbua kurudi nyuma na kulirekebisha.

Aliyeziunganisha zote tatu ni Johannes Kepler. Akitumia vipimo vya Mirihi vilivyoachwa na Tycho Brahe, alitangaza mwaka 1609 kwamba sayari hutembea katika duaradufu, na kwamba mstari unaoiunganisha na Jua hufagia maeneo yaliyo sawa katika muda ulio sawa. Kutokana na kanuni hiyo ya pili hupatikana mlinganyo mfupi unaobeba jina lake: anomali ya wastani ni anomali ya kitovu, ukitoa uduaradufu uliozidishwa kwa sini ya anomali hiyo hiyo ya kitovu. Uduaradufu ni namba inayosema mzingo umeachana na duara kwa kiasi gani. Sifuri ni duara kamili, na kadiri inavyokaribia moja ndivyo umbo linavyorefuka. Kutoka kitovu kwenda wastani, mlinganyo huo ni kazi ya dakika moja. Kutoka wastani kwenda kitovu, ambako ndiko tunakotaka kwenda kwa kuwa saa tunayo mkononi na mahali ndipo tunapopatafuta, hakuna njia ya moja kwa moja, na Kepler mwenyewe alikiri hivyo. Kinachofanyika ni kukisia, kuingiza kisio kwenye mlinganyo, kupata jibu, na kuliingiza tena jibu hilo mpaka litulie. Pembe ziwe katika radiani wakati wa hesabu hiyo, si digrii. Nimeona wanafunzi wenye akili wakipoteza jioni nzima kwa sababu hiyo tu.

Kwa Dunia, ambayo uduaradufu wake ni 0.0167 tu, jibu linatulia karibu papo hapo: anomali ya wastani ikiwa digrii 90, ile ya kitovu ni 91 kasoro kidogo, na ile ya kweli ni karibu 92. Nyotamkia ya Halley ni kisa kingine. Uduaradufu wake ni 0.967, mzunguko wake ni miaka 75 au 76, na mara ya mwisho ilipita periheli tarehe 9 Februari 1986. Mwanzoni mwa 2005 hivi, robo ya safari yake kwa saa ilikuwa imekwisha, maana yake anomali ya wastani ilikuwa digrii 90. Ukikisia kwa njia niliyoieleza, majibu yanayumba huku na huko: 145, kisha 121, kisha 137, kisha 128, mpaka yanatulia kwenye 131 na nusu, ambayo ni anomali ya kitovu. Na anomali ya kweli? Digrii 173. Robo ya muda, karibu nusu ya kugeuka. Nyotamkia hiyo inakata kona kulizunguka Jua kwa kasi kubwa, halafu inatumia miongo mingi ikipanda na kushuka katika kipande kimoja chembamba cha anga kilicho mbali nasi. Ndiyo maana pembe moja haikutosha: mtu akikuambia digrii 90 za nyotamkia ya Halley bila kusema ni anomali ipi, amekuacha na kosa la miaka 19.

Lakini sitaki mtu afikiri kwamba mambo haya yanahitaji nyotamkia. Wakazi wa Nairobi wanaishi mahali ambapo anomali inaonekana kwa macho kila asubuhi, na naamini ni wachache walioiona. Kwa kuwa tuko kiasi cha digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana wetu haubadiliki kwa zaidi ya dakika tisa hivi mwaka mzima. Ingefaa basi jua lichomoze karibu saa ile ile kila siku. Halifanyi hivyo. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza mwendo wa saa 12 na dakika 11 asubuhi, na katikati ya Februari huchomoza mwendo wa saa 12 na dakika 41. Nusu saa nzima. Mzazi anayemtoa mtoto nyumbani kwenda kituo cha basi la shule mwezi wa Februari anajua kwamba giza bado lipo, na wengi husema ni mawingu au baridi ya alfajiri.

Sababu ni mbili, zikifanya kazi pamoja. Ya kwanza ni mlalo wa mhimili wa Dunia, ambao peke yake hulisogeza jua kwa dakika zisizozidi kumi mbele au nyuma ya saa za ukutani. Ya pili ni anomali. Mwanzoni mwa Januari Dunia inakimbia katika mzingo wake kuliko wastani, na kwa hiyo inabidi ijizungushe zaidi kidogo kila siku ili ilirudishe jua mahali pake; hilo peke yake huongeza sekunde nane hivi kwa kila siku ya jua. Sekunde nane si kitu, lakini zinajikusanya siku baada ya siku, zikipungua polepole, na kufikia mwanzoni mwa Aprili zimekuwa karibu dakika nane. Dakika nane hizo ndizo zile digrii 2 kasoro kidogo zinazotenganisha anomali ya kweli na ya wastani, zikiwa zimebadilishwa kuwa muda kwa kiwango cha dakika nne kwa kila digrii. Taadil ya wanafalaki wa kale, tena bila darubini wala jedwali: saa ya ukutani na dirisha linalotazama mashariki vinatosha.

Tena sisi tunahesabu saa kuanzia macheo. Saa moja ya asubuhi, kwa mantiki ya Kiswahili, ni saa moja tangu jua lichomoze, na saa sita ni jua kichwani. Saa zetu rasmi, hata hivyo, zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari usiopita Kenya kabisa, na Nairobi iko kwenye 36.8. Kwa hiyo jua letu la adhuhuri hufika katikati ya anga, kwa wastani, mwendo wa saa sita na dakika 33, na kutoka hapo mlalo na anomali hulivuta kati ya saa sita na dakika 16 na saa sita na dakika 47. Simu zetu zinaonyesha jua la wastani, jua ambalo halijawahi kuchomoza mahali popote.

Nirudi kwa setilaiti. Chombo cha aina ile huzunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, na 214 ni kama asilimia 59 ya 360, kwa hiyo namba iliyomtisha mpwa wangu ilikuwa inasema tu kwamba dakika 56 zimepita tangu chombo kilipokuwa perijii. Kuna tahadhari moja ambayo mafunzo mengi huiruka. Setilaiti ndogo nyingi huwa na mzingo ulio karibu sana na duara, na duara kamili halina perijii, kwa kuwa kila mahali ni sawa. Palipo na perijii hafifu, ukubwa wa Dunia kwenye kiuno chake huifanya ihame digrii kadhaa kwa siku, na makosa madogo ya vipimo huirusha zaidi. Anomali inayohesabiwa kutoka kwenye nukta inayorukaruka nayo itarukaruka. Namba inayotegemeka ni jumla ya anomali hiyo na ile pembe iliyo kwenye safu ya kushoto kwake, inayosema perijii yenyewe iko wapi. Na kwenye uduaradufu, nukta ya desimali haiandikwi katika mistari hiyo; kijana alikuwa amesoma uduaradufu wa maelfu na hakushtuka, akashtushwa na 214.

Kenya ina haki ya kuyazungumza haya kwa lugha yake. Setilaiti yetu Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, na kabla yake, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengewa kutazama nyota kwa eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu iliyoangukia siku hiyo. Ni Uhuru iliyoonyesha kwamba baadhi ya vyanzo vya eksirei ni jozi za nyota zinazozungukana, na tangu hapo hadi leo mtaalamu wa astrofizikia anayepima jozi kama hizo huanza na kazi ile ile ya Kepler: ana saa, anataka mahali. Nyota inayoitwa S2, inayolizunguka shimo jeusi katikati ya galaksi yetu kwa miaka 16, ilipita karibu nalo zaidi mwezi Mei 2018 kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Uduaradufu wake ni 0.88, na mahali pake pa kila usiku hutafutwa kwa kukisia na kukisia tena.

Maana ya lawama nayo haijatoweka katika fani hiyo hiyo, jambo linaloongeza mkanganyo. Roketi ikilipuka, watangazaji wa urushaji husema kwa upole kwamba pametokea anomali. Vyombo viwili vya Pioneer, vilivyorushwa mwaka 1972 na 1973, vilipunguza mwendo kidogo zaidi ya hesabu ilivyoruhusu, na jambo hilo liliitwa anomali kwa miaka mingi mpaka mwaka 2012 lilipoelezwa kuwa ni joto la vyombo vyenyewe lililokuwa likitoka zaidi upande mmoja. Huko hitilafu ingefaa kabisa.

Kwa zile pembe tatu nimempendekezea aandike pembe ya kweli, pembe ya kitovu na pembe ya wastani, na neno anomali alitaje mara moja mwanzoni ili wanafunzi walitambue watakapokutana nalo vitabuni. Amekubali, na jana usiku amenitumia jedwali lililosahihishwa. Safu ya wastani imekaa vizuri. Ile ya kushoto kwake, inayosema perijii iko wapi, jina lake la Kiingereza hutumia neno ambalo pia lina maana ya mabishano, na yeye, bila kusita, ameiita ubishi wa perijii.